Hodi ya Benedikta

Mwalimu Scholastika hana adabu, na hili nalitanguliza ili asije akalifuta. Mtu mzima kama mimi, niliyezijua herufi baada ya meno kuanza kuniaga, ananiandama kila Jumanne na Alhamisi kwenye darasa la ngumbaru: "Bibi, umeshajua kuandika. Sasa andika habari ya mtu mmoja wa mtaa wako, tuipeleke kwenye gazeti la wasomi wapya." Nikamwambia watu wa mtaa wangu habari zao zimo midomoni, hazijaomba karatasi. Akasema, "Basi andika ya marehemu Bi Waridi." Nikamwuliza nani kakwambia habari za Bi Waridi. Akacheka. Nikakasirika siku tisa. Siku ya kumi nikachonga penseli. Naandika kwa sababu yangu mwenyewe, na sababu hiyo mtaikuta mwisho. Asiyetaka kufika mwisho asianze.

Waridi binti Safari alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, mweusi wa kung'aa, na shingo yake haikujua kuinama ila kwenye sala. Mumewe, Mwinyimvua, alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu miaka ishirini na mbili kwenye baraza za watu, na kwa kanzu hizo akajenga nyumba hapa Mtaa wa Muhonda, Kariakoo. Vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, uani jiko na choo. Kuta za miti na udongo, zimekandikwa zikapakwa chokaa, bati juu. Alipokuwa katika ugonjwa wake wa mwisho aliinua mkono akaugusa ukuta, akasema, "Waridi, nyumba hii haina bei." Akafa.

Neno hilo Waridi alilivaa kama hirizi. Watoto hawakujaaliwa. Nyumba ndiyo ikawa mtoto, ikawa mume, ikawa na jina lake mjini. Baada ya hapo alitaka kitu kimoja tu duniani: nyumba ile isitoke mkononi mwake mpaka yeye mwenyewe atolewe amebebwa, kwa mlango uleule.

Chumba cha kwanza kushoto, hicho kimoja tu, alikipangisha kwa Benedikta, Mngoni wa Peramiho, mjane kama yeye. Benedikta aliingia na tumbo, na mtoto akazaliwa mlemle chumbani, msichana, akaitwa Josepha. Kitovu cha Josepha kilizikwa uani, nyuma ya jiko, na aliyechimba shimo ni Waridi kwa mkono wake. Benedikta alifundishwa na Waridi kupika vitumbua, akawa anavipika kuliko mwalimu wake, anavibeba kwenye beseni alfajiri kwenda kuuza sokoni, anarudi alasiri beseni tupu. Kodi yake alilipa. Habari za kodi sizirudii tena.

Sasa wasiojua na wajue: Mzaramo na Mngoni ni watani. Babu za Wangoni waliwapora babu za Wazaramo, vita vikaisha, kikabaki kicheko. Mtani anakutukana mbele ya mkweo na huna la kufanya. Mtani anakuja msibani kwako akachukua sufuria jikoni akaondoka nayo. Mtani hakasirikiwi, na mtani hapelekwi mahakamani. Kwa hiyo kila alasiri, miaka kumi na sita, Benedikta akifika kona ya Muhonda na beseni lake kichwani alipaza sauti mtaa mzima usikie:

"Hodi mwenye nyumba! Wavamizi tumefika!"

Naye Waridi, hata awe anakula, anajibu kutoka ukumbini: "Karibuni! Vya kuiba vimekwisha!"

Sisi wa nyumba za jirani tuliijua saa kwa hodi hiyo. Mtu aliyeinjika wali akisikia wavamizi wamefika, anapunguza moto.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na moja, mwezi wa nne, masika yamefunguka. Redio ikasema serikali inazitwaa nyumba za kupangisha. Mtaa ulitulia kama umefiwa. Wenye maghorofa walisimama milangoni mikono nyuma, na wapangaji wao walipita wakiwatazama usoni kwa mara ya kwanza.

Waridi alikuwa na mtoto wa kaka yake, Kitwana, karani wa ghala. Kitwana alikuwa na desturi ya kuja kusoma gazeti barazani. Alisoma mstari mmoja na kueleza mitatu. Akaja siku hiyo, gazeti limelowa pembeni.

"Shangazi, mambo yameiva. Nyumba yenye thamani ya laki moja kwenda juu, ikiwa mwenyewe kapangisha, inakuwa ya umma."

"Na kama mwenyewe anakaa?"

"Anakaa yeye na jamaa zake tupu, hana mpangaji, hiyo anaachiwa."

Waridi akaugeukia ukuta. "Laki moja. Hii yangu je?"

Kitwana akautazama ukuta. Chokaa ilikuwa imebanduka karibu na dirisha, fito zinachungulia kama mbavu. Alijua. Lakini alikuwa akila pale kila Ijumaa, na tena nyumba ile alitarajia siku moja ataikalia yeye. Hakutaka kumuudhi shangazi yake.

"Marehemu si alisema haina bei?"

"Alisema."

"Basi. Isiyo na bei imeshaipita laki."

Waridi hakulala juu ya neno hilo. Akavaa baibui akaenda kwa Abbasi, balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuwa anakaa nyumba ya nne kutoka kwake. Abbasi alikuwa mtu wa mizaha ila siku hiyo alisema kweli tupu.

"Bi Waridi, rudi ukapike. Sheria imewakusudia wenye maghorofa. Nyumba yako na yangu hata tuzifunge kamba moja hazifiki laki. Hazifiki hata robo."

"Yako," akasema Waridi. "Sema yako."

"Zetu sote, bibi yangu. Udongo ni udongo."

"Mwinyimvua kaijenga kwa kanzu. Wewe yako umeijenga kwa nini, kwa soga?"

Abbasi akacheka, kisha akaona mwenziwe hacheki. "Nisikilize. Hata ingefika, huwezi kumtoa mpangaji anayelipa kodi. Hilo nalo lina sheria yake. Kuna Baraza la Kodi. Akienda kushitaki utaitwa."

Waridi hakulisikia hilo la Baraza. Alikuwa bado amesimama kwenye "hazifiki hata robo." Njiani alilirudia kwa sauti, nami nilimpita sokoni nikamsikia: "Robo! Robo!" Hapo ndipo hesabu yake ilipopinda. Akikubali kwamba sheria haimhusu, amekubali kwamba mumewe alikufa akimdanganya, na kwamba miaka yote amekalia udongo. Akiogopa kama wanavyoogopa wenye maghorofa, basi naye ni mwenye nyumba kama wao. Akachagua kuogopa.

Ijumaa akamkuta Benedikta uani anaosha mchele.

"Benedikta, nakitaka chumba changu."

Benedikta hakuinua hata uso. "Umechelewa, mtani. Tumeshakiteka."

"Sifanyi mchezo. Siku tatu."

"Wangoni hatuhami, Mzaramo we. Tunahamisha." Akamrushia maji ya mchele miguuni, akacheka mpaka akashika mbavu.

Kwani angejuaje? Miaka kumi na sita Waridi alikuwa akimwuliza kila mwandamo wa mwezi, "Unahama lini, nipate kupumua?" Lile lilikuwa neno lao la kucheka. Waridi alirudia tena Jumamosi, akarudia Jumapili Benedikta akitoka kanisani, na kila akikaza uso ndivyo mwenziwe alivyozidi kucheka, maana mtani hodari ni yule asiyecheka.

Jumatatu, Benedikta yuko sokoni na Josepha yuko shule, Waridi na Kitwana wakakitoa chumba. Kitanda cha kamba. Sanduku la bati. Picha ya Bikira Maria. Chuma cha vitumbua. Madaftari ya Josepha yamefungwa kwa uzi. Vyote barazani, na manyunyu yakaanza. Mlangoni wakatia kufuli jipya.

Tulikuwa tumekusanyika, na nisijifiche, nami nilikuwepo. Alasiri ikafika. Kutoka kona tukasikia:

"Hodi mwenye nyumba! Wavamizi tumefika!"

Akatokea. Akaona. Akaliteremsha beseni polepole, akatazama vitu vyake, akatutazama sisi, kisha akapiga makofi. "Haya! Leo mtani umenipata! Jamani, Mzaramo kalipiza kisasi cha babu zake!" Akacheka. Sisi tukacheka naye. Nilicheka mpaka machozi, Mungu anisamehe. Tulidhani ndio utani mkubwa kuliko wote uliowahi kufanyika Kariakoo.

Waridi amesimama mlangoni, mkono kwenye mwimo. Hacheki.

"Hodi," akasema Benedikta tena, na kicheko bado kimo ila kimepungua.

Kimya.

"Hodi, mwenye nyumba."

Kimya. Yule aliyejibu miaka yote kabana midomo. Josepha, aliyekuwa keshafika na mkoba wake wa shule, akaanza kulia bila sauti. Hapo tukajua, na mmoja mmoja tukaanza kutafuta la kufanya na mikono yetu.

Abbasi akaja mbio. "Mama Josepha, kesho asubuhi nenda Baraza la Kodi. Shahidi wako ni mimi. Kesho hiyohiyo utarudi chumbani."

Benedikta alikuwa anafunga madaftari ya mwanawe kwenye kanga yasilowe. Akasema, "Mtani hashitakiwi, balozi. Nikimshitaki mtani, nani atakuja kunicheka siku nikifa?" Kisha akamgeukia Waridi. "Kitovu cha mtoto kiko nyuma ya jiko lako. Hicho sikihamishi. Nilindie."

Ukaletwa mkokoteni, yeye na Josepha wakaenda Magomeni, upande wa bondeni, kwenye kibanda alichotafutiwa na kaka yake Augustino.

Waridi akaleta wapwa zake watatu kutoka Ilala, akawagawa vyumbani waonekane jamaa. Kila asubuhi alivaa kanga mpya, akaketi barazani na shingo yake ile, akimngoja bwana wa kupima majumba. Na huyo bwana alikuja kweli, na ubao wake wa kuandikia na utepe wake wa kupimia. Aliingia ghorofa la kona, akakaa humo muda mrefu. Akatoka, akaipita nyumba ya Waridi. Kesho yake akaja tena, akaipita tena. Siku ya tatu Waridi akamsimamisha.

"We baba. Mbona hapa hubishi hodi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hapa huandiki?"

"Hapa hapana kitu, mama."

"Hapana kitu! Humu mna jamaa zangu tupu, hamna mpangaji hata wa dawa. Ingia uone. Andika kwamba sina mpangaji."

Yule bwana, kijana mwenye adabu, akausogelea ukuta akaugusa kwa kidole. Donge la udongo likamdondokea juu ya kiatu. Hakulipangusa, asimvunje heshima.

"Mama, nyumba hii sheria haiijui. Weka wapangaji wako, kaa kwa amani, hakuna atakayekugusa. Nani aliyekutisha?"

Waridi akasema kwa sauti ndogo ambayo hatujawahi kuisikia kwake, "Ina thamani gani?"

Yule bwana akatazama huku na huku, akainama akamnong'oneza. Alichomnong'oneza Waridi hakukitaja kwa mtu mpaka anakufa. Nilikuwa mlangoni kwangu, ng'ambo ya njia. Niliona shingo ile inashuka.

Akawarudisha wapwa zake Ilala siku hiyohiyo. Akakifungua chumba cha kwanza kushoto, akakifagia, akakifukiza ubani. Jumamosi akatia kuku kwenye kikapu, akatembea kwa miguu mpaka Magomeni. Alikuwa na maneno yake tayari, ninayajua maana aliniambia miaka baadaye: "Mtani, utani umekwisha. Rudi nyumbani, chumba kimeanza kuota ukungu." Ndivyo alivyopanga kusema. Neno samahani halikuwemo. Kwa watani samahani haihitajiki. Unalipa kuku, mnacheka, yamepita.

Akaikuta nyumba ina watu nje. Wanawake wamejitanda kanga, wanaimba nyimbo za kanisani taratibu. Maji ya mvua yalikuwa yameingia kibandani wiki ile, Benedikta akalala kwenye baridi ya udongo, kichomi kikamshika. Siku tano tu.

Waridi angegeuka. Alikwisha kugeuka. Lakini Augustino akamwona na kile kikapu, na kwa kuwa dada yake alikuwa hajamwambia mtu kwamba alifukuzwa, alikuwa amesema tu "nimehama," Augustino akainua mikono: "Mtani wake wa Muhonda kaja! Jamani, mtani kaja!"

Wanawake wakapiga vigelegele katikati ya kilio. Tangu asubuhi mtani alikuwa hajatokea, na msiba usio na mtani ni kama chakula kisichotiwa chumvi. Wakampisha njia. Ndiyo mila: mtani amwigize marehemu, awatoe waliofiwa machozi yanayochekesha, azuie jeneza mpaka apewe chochote. Wote wakawa wanamtazama. Josepha naye, pembeni ya jeneza, akamtazama. Yeye alijua. Hakusema.

Waridi angefanya nini? Akapewa beseni lilelile. Akalitia kichwani. Akatembea mwendo wa Benedikta, ule wa kuvuta mguu wa kushoto kidogo, watu wakaanza kucheka na kulia. Akafika mlangoni penye jeneza, akafungua kinywa:

"Hodi mwenye nyumba! Wavamizi tumefika!"

Sauti iliyotoka haikuwa yake. Waliokuwepo wote wamekiri. Ilikuwa ya Benedikta, na ile mikwaruzo ya moshi wa vitumbua kooni. Kicheko kikakatika. Waridi akabaki amesimama, kinywa wazi, anangoja aitikiwe. Nani wa kuitikia? Anayelijua itiko alikuwa mmoja tu duniani, naye ndiye aliyebisha.

Josepha akasema, si kwa nguvu, "Mwenye nyumba si wewe? Mbona huitiki?"

Waridi akaliweka beseni chini. Wakampa sarafu ya mtani, hakuipokea. Kuku akamwacha amefungwa mlangoni. Benedikta akazikwa, na baada ya arobaini Augustino akamchukua Josepha wakapanda basi kurudi kwao Songea.

Siku ya pili ya mazishi, Waridi yuko ukumbini na tasbihi, alasiri, jua jeupe nje, akasikia kutoka chumba cha kwanza kushoto, ndani, nyuma ya mlango:

"Hodi."

Kikapita kimya cha mtu anayengoja.

"Hodi."

Kimya tena.

"Hodi, mwenye nyumba."

Halafu basi. Hodi tatu, kama mtu mwenye adabu. Na kesho tena, na keshokutwa, saa ileile ya kupunguza moto.

Kitwana alisema ni panya. Akampangisha karani wa posta. Karani akakaa wiki mbili, akahamia Ilala na deni la sababu, maana hakutoa yoyote. Akaingia Blandina, muuguzi, mwanamke mkavu asiyeogopa mtu. Siku ya tisa akaleta ufunguo.

"Bibi, mimi wafu nawaosha kila siku, hawajanitisha. Lakini huyu anayebisha hodi akanyamaza akisubiri aitikiwe, simuwezi. Hodi yenyewe naivumilia. Ni kule kusubiri kwake."

Shehe wa msikiti alikuja akasoma, akanywa kahawa, akasema, "Bi Waridi, dawa yake unayo mdomoni. Mwitikie."

Waridi akasema, "Siitiki kitu nisichokiona."

Nilimwambia na mimi. "Waridi, sema karibu. Neno moja."

"Nikisema karibu leo," akanijibu, "nimesema kwamba siku ile nilipaswa kusema."

"Si ndivyo?"

Akanitazama kwa jicho la ukali. Tukaacha kusemeshana miezi mitatu.

Miaka tisa. Mtu mmoja, hodi tatu kila siku, hebu zihesabuni nyie mliosoma. Aliacha kula vitumbua. Mtu akipita na beseni kichwani aliingia ndani. Uani alizungushia mawe pale nyuma ya jiko, akapafagia kila asubuhi kama anafagia kaburi la mtu mkubwa. Alasiri ilipokaribia aliketi ukumbini uso kwenye mlango ule, midomo ameibana, tasbihi inakwenda, jasho linamtiririka. Nyumba hakuna aliyeichukua. Serikali haikuitaka, mdai hakutokea. Ilibaki mkononi mwake kama alivyoomba, ikamshika mkono huo isimwachie.

Mtaniuliza kama mimi niliisikia. Ngojeni.

Masika ya mwaka huu akaanguka, nusu ya mwili ikalala. Akatuita sisi watatu: Abbasi, Kitwana na mimi. Akasema chumba cha kwanza kushoto anakitoa wasia kwa Josepha binti ya Benedikta.

Kitwana alikuwa ameshazungumza na mfanyabiashara mmoja anayetaka kununua mahali hapo ajenge. Akasema kwa upole, "Shangazi, Josepha hana haki humu. Mama yake alikuwa mpangaji."

"Kitovu chake kimo humu."

"Sheria haitambui kitovu, shangazi."

"Sheria haikuitambua hata nyumba yangu," akasema Waridi. "Abbasi, andika."

Abbasi akaandika. Akasema chumba kimoja katika sita hakijavuka theluthi, wasia unapita. Tukatia sahihi. Nilitia jina langu kwa herufi, si dole gumba, na ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Alasiri ikatukuta mlemle. Waridi akatuomba tumkalishe, tumgeuze aangalie mlango. Tukamshika huku na huku. Ikaja. Hodi ya kwanza. Kitwana, aliyesema panya, akaukamata mkono wangu. Hodi ya pili. Midomo ya Waridi ikafanya kazi, upande mmoja hautaki, upande mmoja unataka. Hodi ya tatu.

"Karibu, mtani," akasema. "Vipo. Vyote vipo. Ingia."

Tukangoja. Hakikutokea kitu. Mlango haukufunguka, upepo haukuvuma. Ila tuliona amelegea, kama mtu aliyetua beseni. Siku mbili baadaye akatolewa kwa mlango alioutaka.

Hodi ikakatika. Arobaini nzima kimya. Nikasema alhamdulillahi, yamekwisha.

Siku ya arobaini na moja, nimekaa mlangoni kwangu nachagua mchele, ng'ambo ya njia, alasiri, nikaisikia. Nikadhani ni ileile. Nikavuka njia nikatega sikio. Sauti hii haina moshi. Hii ni ya Kizaramo, ndogo, ya kiburi, inatoka kwa shida kama mtu asiyezoea kuomba. Inabisha kwa nje, kwenye mlango wa chumba cha kwanza kushoto. Ni Waridi. Chumba si chake tena, kakitoa kwa maandishi, na sasa anabisha hodi kwa mwenyewe, na mwenyewe yuko Songea. Mimi namwitikia kila siku. Haikubali itiko langu. Kesho anarudi.

Sasa hii ndiyo sababu yangu. Kitwana ameleta mteja mara mbili, nami ufunguo alionikabidhi Waridi nimeutia kifuani, nikifa atauchukua. Kwa hiyo wewe unayesoma huko Songea, na Peramiho, na popote walipo Wangoni, utanilipa kazi yangu hii ya kuandika. Muulizie Josepha wa marehemu Benedikta, mpwa wa Augustino, mwanamke wa miaka ishirini na mitano, ana kovu la mafuta ya vitumbua mkono wa kushoto. Mwambie chumba ni chake, karatasi ipo kwa balozi, ufunguo upo kwa kikongwe wa ng'ambo ya njia. Mwambie afike alasiri, aseme karibu au aseme sikukaribishi, mradi aseme yeye. Na gazeti hili usilichane kufungia karanga kabla hujauliza watu watatu.